Sauti ya Maman Feza

Sauti ya Sikujua ilimtoka mwezi wa kumi wa mwaka 1955, na kwa miezi mitano, kwa kadiri alivyojua yeye, hakuna mtu aliyeisikia tena. Kwa hiyo siku alipoisikia yeye mwenyewe, ikicheka ndani ya chumba chake cha kulala huku yeye yuko uani anachambua maharage, jambo la kwanza alilofanya ni kushika koo lake. Koo lilikuwa limetulia. Midomo ilikuwa imefumbwa. Na kile kicheko, chake kabisa, chenye kikohozi kidogo mwishoni alichokirithi kwa bibi yake wa Uvira, kikaendelea nyuma ya dirisha, kama cha mwanamke anayetekenywa.

Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Ilikuwa saa nane ya mchana, mvua inakaribia, na mtaa wote wa Kadutu, mjini Bukavu, ulikuwa umenyamaza ukiisubiri. Ramazani, mume wake, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, peke yake, vifungo vya shati vimefunguliwa, na usoni alikuwa na tabasamu lililochelewa kuondoka. Chumba kilinuka breki zilizoungua.

Sikujua alishika kibao chake cheusi cha shule, kilichoning'inia shingoni kwa kamba, akaanza kuandika: NANI ALI

"Hakuna mutu," Ramazani alisema kabla chaki haijafika mwisho. "Nililala kidogo, Maman Feza. Nilikuwa nacheka mu ndoto."

Mwanamume hawezi kucheka kwa sauti ya mke wake, hata ndotoni. Sikujua alitaka kumwambia hivyo. Lakini maneno hayo yalikuwa mengi kwa kibao, na Ramazani alikwisha kugeukia ukutani.

Kabla ya hapo Sikujua alikuwa mtu wa sauti. Hakuwa mwimbaji. Alizaliwa Uvira, katika ukoo wa Waislamu wafanyabiashara ambao babu zao walifika na misafara kutoka pwani, na alipoolewa Bukavu alikuja na namna ya kusema iliyowafanya watu wasogeze viti karibu. Wanawake wakigombana kwenye bomba la maji, yeye ndiye aliyeitwa. Mtoto akikataa dawa, mama yake alimbeba mpaka kwa Maman Feza, kama walivyomwita kwa jina la binti yake, ili abembelezwe. Ramazani aliendesha kamiyo ya mizigo kati ya Uvira na Bukavu, akipanda na kushuka ule mlima wa Ngomo ambao njia yake imechongwa kwenye ubavu wa mwamba, na alizoea kuwaambia wenzake kwamba yeye hapotei, kwa sababu sauti ya mke wake inamvuta kama kamba.

Halafu asubuhi moja alirudi nyumbani, ubavu wa kamiyo umechunika rangi kutoka mbele hadi nyuma. Sikujua alifungua kinywa amwambie karibu. Pumzi ilitoka, neno halikutoka. Alijaribu tena. Ilikuwa kama kufungua mlango wa nyumba ambayo watu wamehama.

Daktari alimtazama kooni kwa kioo, akasema koo ni zima, labda ni mshipa wa kichwani, wasubiri. Wakasubiri. Siku zile Ramazani alilia kuliko yeye, na Sikujua alimwonea huruma.

Aliyemletea kibao ni Rosalie, jirani, mke wa karani Isidore. Katika chuo cha Kurani huko Uvira Sikujua alijifunza herufi za Kiarabu. Rosalie akamfundisha hizi za Kizungu, jioni baada ya jioni, mpaka zikamkaa mkononi. Lakini kibao kina kasoro moja kubwa: hakiiti. Mtu asipokutazama, umenyamaza. Kwa hiyo wakakubaliana kugonga. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, mara tatu ni nitazame.

Alijifunza mengine ambayo Rosalie hakumfundisha. Watu walimpigia kelele kana kwamba amekuwa kiziwi. Walimzungumzia mbele yake kama mgonjwa aliyelala. Wengine walimmalizia maneno, na mara nyingi walimalizia mengine. Aliandika kwa ufupi mpaka hasira yake ikawa neno moja, na utani wake ukafa kabisa, maana utani uliocheleweshwa na chaki hauchekeshi mtu. Miezi miwili ya kwanza Ramazani alisoma kila neno, akifuatisha kwa kidole. Mwezi wa tatu alisoma nusu. Mwezi wa tano alikitazama kibao kama mtu anavyotazama mvua dirishani.

Baada ya siku ya kile kicheko, harufu ya breki ilianza kutembea nyumbani. Leo ilikuwa kwenye mapazia, kesho kwenye sufuria ya sombe. Kuku waliacha kuingia jikoni, wakawa wanalala mvuani. Kiti kimoja cha sebuleni kilikuwa cha joto kila alipokigusa, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Siku moja mchana alikuwa anarudi kutoka bombani na ndoo kichwani. Feza, binti yao wa miaka kumi na sita, alikuwa jikoni anasonga bugali, mgongo umeelekea mlangoni, anasimulia kama wasichana wanavyosimulia.

"Basi Clémence akasema yeye haendi, kama mimi siendi."

"Na wewe ukamujibu nini?" iliuliza sauti ya Sikujua.

Ilitoka kwenye kigoda kilichokuwa kando ya moto. Kigodani hapakuwa na mtu.

Ndoo ilianguka. Feza aligeuka, na kilichomuumiza mama yake, zaidi ya ile sauti, ni kwamba usoni mwa mtoto hapakuwa na woga. Palikuwa na aibu ya mtu aliyekamatwa.

Sikujua aligonga mlango mara tatu, akaandika: TANGU LINI

"Tangu mwezi wa pili," Feza alisema chini chini. "Papa aliniambia nisikuambie. Alisema ile iko sauti yako, inarudi kidogo kidogo. Alisema ukiisikia mbele ya kukomaa, itakimbia." Machozi yakaanza kumtoka. "Usinikasirikie, maman. Niliikosa sana."

Sikujua aliandika: MIMI NIKO HAPA

Feza alisoma. Kisha macho yake, bila yeye kujua, yakarudi kwenye kigoda.

Siku ya tatu Sikujua aliaga kwa mkono kwamba anakwenda kwa Rosalie, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama kwenye kichochoro chembamba kati ya ukuta wa mbao na ua wa majirani. Mvua ilipiga mabati. Aliweka sikio kwenye ufa.

"Ngomo leo ilikuwa mubaya," Ramazani alikuwa anasema ndani. "Matope mpaka mu magoti."

"Pole, Papa Feza," sauti yake ikajibu, kwa upole uleule aliokuwa akimpokelea kwa miaka kumi na minane. "Lete miguu."

Ramazani alicheka. Kitanda kililia kwa uzito wa watu wawili.

"Yule mwenye kibao ananichokesha," alisema. "Mutu anatoka kazini, anataka kuzungumuza na bibi yake, anapewa masomo."

"Hata mimi ninachoka. Sauti bila mwili inakaa kama moshi, Papa Feza. Inashinda juu ya nyumba, inatafuta pa kutua. Ulinipa nusu. Unipe na ile iliyobaki."

Sikujua alingoja mume wake aseme hapana. Alingoja huku maji ya mabati yakimtiririkia mgongoni na harufu ya chuma kilichoungua ikipenya kwenye ufa na kumjaa puani, alingoja huku akijiambia kwamba mtu aliyekula chakula cha mkono wake kwa miaka yote ile, aliyemshika kichwa siku Feza anazaliwa, aliyelia mbele ya daktari mpaka daktari akamwonea haya, hawezi kukaa kimya kwa muda mrefu hivyo mbele ya ombi kama lile, kwamba bila shaka anatafuta maneno ya kulifukuza, anakusanya nguvu, anaomba Mungu kimoyomoyo, na kila alipomtafutia udhuru mmoja kimya kilizidi na udhuru ukaisha, mpaka akabaki amekumbatia ukuta wa mbao kama mtu anayezama.

"Ngoja kwanza Feza aolewe," Ramazani alisema. "Mutoto anahitaji mama yake mpaka siku ya arusi. Kisha hapo."

Alifika kwa Rosalie amelowa, akaandika, akafuta, akaandika tena, mara saba, mpaka chaki ikamwishia. Rosalie alifanya ishara ya msalaba.

"Ningekupeleka kwa padiri," alisema kwa sauti ndogo, "lakini padiri atapenda kusikia kwanza kwa bwana yako. Kuko maman mumoja sokoni, anauza ndagala, wanamuita Maman Almasi. Iko Muislamu kama wewe. Mambo ya majini anayajua."

Maman Almasi alikuwa mwanamke mnene, mikono yake inanuka samaki wakavu. Hakujua kusoma. Lakini alikipokea kibao kwa mikono miwili, akampa Rosalie amsomee, akamwonya: "Soma kama alivyoandika. Usiongeze neno lako."

Tangu sauti imtoke, hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo. Sikujua alilazimika kuangalia pembeni.

"Iko kazi ngumu," Maman Almasi alisema baada ya kusikia yote. "Jini hupanda mu kichwa cha mugonjwa, husema kwa kinywa chake, ndipo tunapatana nalo. Wewe kinywa chako kimefungwa. Basi tutaliita palepale linapokaa. Lakini bwana yako awepo. Bila yeye tutachoma ubani bure."

Walikwenda nyumbani kwa Sikujua siku ya Ijumaa, baada ya swala. Ramazani alikuta chetezo sebuleni, mkeka umetandikwa, Rosalie na Feza wameketi, na kile kiti cha joto kimewekwa katikati peke yake. Alitaka kurudi nje. Maman Almasi alikuwa amekaa mlangoni.

"Kaa, bwana," alisema. "Hatutakuuma."

Ubani uliwaka. Maman Almasi alisoma alichokijua, akabadilisha, akaita kwa majina ambayo Feza hakuwahi kuyasikia. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu, ila kuku walianza kulia uani wote kwa pamoja. Halafu moshi wa ubani ulisukumwa chini, kana kwamba mtu ameweka kiganja juu yake, na harufu ya breki ikaujaza ule moshi, ikaumeza, na kiti kikalia polepole, kwanza mguu mmoja, kisha wa pili, kama kinavyolia mtu mzima anapoketi.

"Nimefika," ilisema sauti ya Sikujua. "Munataka nini?"

Rosalie alimkumbatia Feza.

"Nani alikuleta mu nyumba hii?" Maman Almasi aliuliza.

"Sikuletwa. Niliitwa."

"Nani alikuita?"

"Muulizeni dereva."

Ramazani alikuwa anatazama mikono yake. Kwa hiyo sauti ikasema yenyewe, taratibu, kwa ufasaha wote wa mwenyewe, na watu wote mle ndani, hata kwa woga wao, waliisogelea.

"Alikuwa anashuka Ngomo. Breki zilikufa. Gurudumu moja lilikuwa hewani, na chini ni bonde. Akaita Mungu, akaita mama yake, mwisho akaita mutu yeyote. Mimi ndiye nilikuwa karibu. Nikamuuliza, utanipa nini? Mikono yako? Akasema hapana, mimi ni dereva. Macho yako? Akasema hapana. Nikasema, basi sauti yako. Akanyamaza. Kisha akaniambia, bibi yangu iko na sauti muzuri kuliko ya mimi."

Mvua ilikuwa haijaanza, lakini Sikujua aliisikia masikioni.

"Nilikuwa nakufa," Ramazani alisema. "Nilikuwa nakufa, Maman Feza. Ungefanya nini?"

Na alipolitaja jina hilo, macho yake yalikuwa kwenye kiti.

Maman Almasi aliliona hilo. Akasema kwa upole, kama anavyosema na mnunuzi anayesitasita: "Sikiliza, mwanangu. Kitu kilichotolewa na asiye mwenyewe kinaweza kurudi. Aliyekitoa atoe cha kwake. Useme mbele yetu: chukua sauti yangu, rudisha ya bibi yangu. Ni maneno machache tu. Leo kabla ya magaribi itakuwa imekwisha."

Wote walimtazama. Feza alisema, "Papa."

Ramazani alijifuta uso. Alifungua kinywa, akafumba. Alipofungua tena alisema na mkeka.

"Nani atanipa kamiyo mimi nikiwa bubu? Nitaitaje mutu njiani? Nitakuwa kitu gani?" Akameza mate. "Yeye amekwisha kuzoea kibao."

Rosalie aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeona uchi wa mkubwa wake. Sikujua alidhani atasikia kitu kikivunjika ndani yake. Hakikuvunjika kitu; kilipoa tu, kama jiko lililomwagiwa maji. Alifuta kibao kwa kiwiko, akaandika. Aligonga sakafu mara tatu. Ramazani hakuinua uso. Akagonga tena. Maman Almasi alinyosha mkono wake wenye harufu ya samaki, akamshika mume kidevu, akamgeuza.

"Soma."

Ramazani alisoma kwa kidole, herufi moja moja, kama zamani: UNGENIOMBA NINGEKUPA

Kitini, sauti ilicheka, na mwishoni ikakohoa kidogo.

Maman Almasi hakushindana zaidi. Aliwaogesha mama na binti kwa maji ya dawa, akawafunga uzi mweusi mkononi, akasimama mbele ya kiti. "Hawa wawili haiko wako," alisema. "Hawakukuita. Usiwafuate. Huyu wa tatu amekukaribisha mwenyewe, na mimi mgeni aliyekaribishwa simufukuzi." Njiani alimwambia Rosalie kwamba kwa miaka yote ya kazi hiyo hajawahi kutoka kwenye nyumba amechoka vile.

Sikujua na Feza waliondoka siku hiyohiyo, wakaenda Mudaka, kwa kaka mkubwa wa Sikujua aliyekuwa na duka dogo la vitambaa. Kule walipumzika. Watoto wa kaka yake walijifunza kugonga kwa siku mbili, wakakufanya mchezo. Kaka mtu alikisoma kibao mpaka mwisho, kisha ndipo akajibu. Feza alijifunza kukaa upande anaoweza kuiona mikono ya mama yake, na polepole akaacha ile tabia ya kutazama viti visivyo na mtu. Utani wa Sikujua ulirudi, mfupi, wa maneno mawili matatu, na watu walicheka.

Habari za Kadutu zilikuja kwa barua za Rosalie. Kwanza aliandika kwamba nyumbani kwa Ramazani wanasikika watu wawili wakizungumza mpaka asubuhi. Kisha kwamba wanagombana. Barua ya mwisho ilisema sasa anasikika mmoja tu, na kwamba Ramazani ameacha kazi na hasalimii mtu.

Zilikuwa mvua za mwisho kabla ya kiangazi. Kaka wa Sikujua alikuwa dukani, mkewe na watoto wamekwenda shambani, na Sikujua na Feza walikuwa wameketi ndani wanakunja vitenge. Nje, sauti ya Sikujua ilibisha hodi.

Sikujua alichungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa Ramazani. Amekonda mpaka shati linamning'inia, maji yanamtiririka, amesimama matopeni kama mtu asiyejua miguu yake inaanzia wapi. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni sauti ya mke wake.

"Nifungulie, Maman Feza. Ni mimi, Papa Feza. Imeingia kwangu. Ulipokwenda ilikosa pa kutua, ikaingia kwangu. Nimetafuta sauti yangu, haiko. Watu wananicheka njiani. Nikilala inasema, nikila inasema. Nifungulie, tukae kama zamani."

Ilikuwa mara ya kwanza Sikujua kuisikia kwa karibu na kwa muda mrefu hivyo. Ilikuwa nzuri. Alielewa kwa nini watu walisogeza viti. Alielewa hata kwa nini mwanamume mwoga angekaa ukingoni mwa kitanda na kuisikiliza. Mguu wake ulisogea hatua moja kuelekea mlangoni kabla hajaukataza.

Labda sauti ilisikia hatua ile ikisimama, maana iligeuka palepale, ikawa laini, ikawa ya mama.

"Feza, mutoto yangu. Mvua inaninyeshea."

Feza alikuwa amekwisha kusimama. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Sikujua alipiga meza mara tatu kwa nguvu zake zote, na kwa kitambo kirefu msichana hakugeuka. Vidole vyake vililishika komeo, vikaliachia, vikalishika tena. Kisha akageuka, akasoma.

USIFUNGUE

Feza alimtazama mama yake. Nje sauti ilimwita kwa jina la utotoni, lile alilobembelezewa akiwa hajajua kutembea. Feza aliondoa mkono kwenye komeo, uzi wake mweusi ukabaki umenasa hapo, akarudi, akaketi sakafuni miguuni pa mama yake, akavuta kitenge akajifunika uso na masikio, akalia kama mtu aliyefiwa.

Sauti ilibembeleza. Ilitukana. Ilibembeleza tena. Mwishoni ilinyamaza, na wakasikia miguu ya Ramazani ikijinasua matopeni, hatua moja moja, ikaenda, ikapita kona ya duka, mpaka ikabaki mvua peke yake. Sikujua alitazama ufani. Njia ilikuwa tupu.

Akaketi, akapakata kibao. Aliandika polepole, herufi kubwa, ili binti yake akifunua uso ayaone maneno mara moja.

AMEKWENDA. USILIE.

Chaki ilipoacha herufi ya mwisho, harufu ya breki zilizoungua ikamjaa puani, na sauti yake, ndani ya chumba, nyuma ya bega lake, ikasoma kwa taratibu, kama mtu anayejifunza: "Amekwenda. Usilie."

Na Feza, ambaye alikuwa bado amejifunika uso na hakukiona kibao, akajibu kutoka ndani ya kitenge, "Nimenyamaza, maman."